Kuisoma Sheria Kabla ya Kuipigia Kura: Wajibu wa Mbunge wa Burundi na Sheria Iliyoiondoa Giheta Katika Orodha ya Tarafa

Ikisiri

Makala hii inajadili wajibu wa mbunge wa kuusoma na kuuelewa muswada kabla ya kuupigia kura. Mfano wake mkuu ni Sheria Na. 1/05 ya tarehe 16 Machi 2023, iliyopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42, na ambayo kwayo Giheta imeacha kuwa tarafa. Hoja ya makala ni kwamba wajibu huo hauwezi kuachiwa dhamiri ya mbunge peke yake. Unategemea lugha ambayo muswada umeandikwa, muda unaotolewa, na uzito ambao kura moja inabaki nao. Mifano kutoka Tanzania, Kenya na Uganda inatumika kubainisha kile ambacho mahakama inaweza kukichunguza baada ya kura kupigwa na kile ambacho haiwezi.

Jina lililotoka katika orodha

Kabla ya mgawanyo mpya kuanza kutumika mwaka 2025, mkoa wa Gitega ulikuwa na tarafa 11: Bugendana, Bukirasazi, Buraza, Giheta, Gishubi, Gitega, Itaba, Makebuko, Mutaho, Nyanrusange na Ryansoro. Katika mkoa mpya wa Gitega, ambao sasa umemeza pia Karusi, Muramvya na Mwaro, majina matatu tu kati ya hayo 11 yamebaki kuwa majina ya tarafa: Bugendana, Gishubi na Gitega yenyewe. Giheta haimo. Kilima cha Gishora, mahali patakatifu pa ngoma za kifalme tangu enzi za Mwami Mwezi Gisabo, kipo palepale kilipokuwa, lakini tarafa iliyokizunguka haipo tena katika maandishi ya dola.

Upande wa kaskazini mashariki mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Muyinga ilikuwa mkoa wenye tarafa saba: Buhinyuza, Butihinda, Gashoho, Gasorwe, Giteranyi, Muyinga na Mwakiro. Leo ni sehemu ya mkoa wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi, makao makuu ya mkoa yapo Cankuzo, na kati ya majina saba yamebaki mawili, Muyinga na Butihinda. Mfanyabiashara wa Kobero, ambaye maisha yake yote yameelekea mpakani kwa Watanzania na ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kazi, sasa akitaka huduma ya ngazi ya mkoa anaelekezwa kusini.

Neno moja linahitaji ufafanuzi kabla ya kuendelea. Kiswahili cha Burundi huita tarafa kile ambacho Kirundi hukiita komine. Nchini Tanzania tarafa ni kitu kingine, ngazi iliyo kati ya wilaya na kata. Msomaji wa Dodoma na msomaji wa Muyinga wanaweza kulisoma neno hilohilo katika sentensi hiyohiyo na wakaelewa mambo mawili tofauti. Jambo hili dogo litatufaa tutakapofika kwenye suala la lugha.

Makala hii haikusudii kupinga wala kutetea mgawanyo wa 2023. Kuna sababu za maana za kuwa na tarafa chache zenye uwezo mkubwa zaidi wa kifedha, na kuna sababu za maana za kuhofia ofisi zitakazokuwa mbali na mwananchi. Kwa wastani, kila tarafa mpya inabeba karibu tarafa tatu za zamani. Sheria hii imechaguliwa kwa sababu inaonyesha, kuliko sheria nyingi, kwamba kusoma muswada ni kazi yenye maudhui yake, na kwamba mtu anayefaa zaidi kuifanya kazi hiyo mara nyingi si mwanasheria.

Kusoma kunamaanisha nini

Katika mabunge yaliyofuata desturi ya Uingereza, muswada husomwa mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu. Maneno hayo ni masalio ya zamani. Kabla ya uchapaji kuenea, nakala ya muswada ilikuwa moja, imeandikwa kwa mkono, na karani aliisoma kwa sauti ili wajumbe waisikie. Leo jijini Dodoma au Nairobi kinachosomwa ni jina la muswada tu, kisha spika huendelea na shughuli. Neno kusoma limebaki, kitendo kimehamishiwa kwenye meza ya kila mbunge, huko ambako hakuna anayekiona.

Burundi ilirithi utaratibu wa Kifaransa. Muswada hupelekwa kwenye kamati, kamati huandika ripoti na maswali, waziri huja kujibu, kisha ukumbi hupiga kura. Katiba imeweka masharti mawili yanayogusa moja kwa moja mada yetu. Kwanza, mbunge ni mwakilishi wa taifa zima, na agizo lolote la kumfunga apige kura kwa namna fulani ni batili. Pili, kura yake ni ya binafsi. Ukiunganisha masharti haya mawili unapata wajibu ambao Katiba haikuutaja kwa jina. Ikiwa hakuna anayeruhusiwa kumwamuru mbunge apige kura gani, basi sababu ya kura yake lazima itoke kwake mwenyewe, na haiwezi kutoka kwake ikiwa hajui anachokipigia kura. Kura ya binafsi iliyopigwa juu ya maandishi yasiyosomwa inakuwa kura ya aliyeyaandika.

Warundi hawahitaji nadharia ya kigeni ili kulielewa hili. Katika mila yao, mushingantahe hakuamua shauri ambalo hakulisikiliza. Aliwasikiliza wahusika wa pande zote na mashahidi hadharani, akajitenga na wenzake kushauriana, kisha ndipo uamuzi ukatolewa. Aliyefika baada ya mashahidi kuondoka hakuwa na la kusema. Kinaya ni kwamba sheria ya tarafa ya Januari 2010 iliwaondolea bashingantahe nafasi waliyokuwa wamepewa katika ile ya 2005. Lakini kipimo chao cha nani anastahili kuamua hakikuhitaji sheria ili kiwepo, wala hakikufutwa nayo.

Kiasi gani cha kuelewa kinatosha? Haiwezekani kumtaka kila mbunge amudu kila kifungu cha sheria ya fedha au ya madini. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni cha chini zaidi, na kwa maoni yetu ni kigumu zaidi kukikwepa: mbunge awe na uwezo wa kumweleza mtu wa kilima chake, kwa Kirundi na bila karatasi, ni nini kitakachobadilika, kuanzia lini, nani atagharimika, na nani ataadhibiwa akikiuka. Asiyeweza kufanya hivyo amenunua mbuzi ndani ya gunia, na amemnunulia mtu mwingine.

Tukirudi kwenye sheria ya 2023, kipimo hicho kinafichua jambo. Sheria hiyo kwa sehemu kubwa ni majina: mikoa, tarafa, zoni, vilima na mitaa. Msomaji asiye makini ataona orodha na kuruka. Lakini orodha ndiyo sheria. Kilima kikiandikwa chini ya zoni fulani badala ya nyingine, mkazi wake amebadilishiwa ofisi ya kuandikisha mtoto na mahali pa kupeleka shauri lake dogo. Kanuni ya ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011 iliipa tarafa nafasi ya kuwa na huduma yake ya ardhi inayotoa hati za mashamba. Kwa hiyo anayesoma kwamba tarafa ya Giheta haipo tena anapaswa kuuliza hapohapo: hati zilizotolewa kwa jina la tarafa hiyo zitatunzwa wapi, na nani atazithibitisha ndugu wawili wakigombania mpaka? Katika nchi ambayo ardhi ni kidogo na wakimbizi wamerejea kwa vipindi kadhaa kukuta mashamba yao yana watu wengine, hilo si swali la makarani.

Na mtu anayeweza kuuliza swali hilo ni mbunge aliyekulia huko. Mtaalamu wa wizara anajua ramani. Mbunge anajua kwamba njia inayoonekana fupi kwenye ramani inapita bondeni ambako mvua za Aprili hufunga daraja, na kwamba wakazi wa vilima fulani viwili wanauza na kuoana upande mmoja ilhali ramani inawapeleka upande mwingine. Ujuzi huo hauna shahada. Hauingii kwenye muswada mpaka mwenye nao aufungue ukurasa wa orodha.

Lugha ya nakala

Ibara ya 5 ya Katiba ya 2005 ilitamka kwamba maandishi yote ya kisheria lazima yawe na nakala yake asilia katika Kirundi. Sharti hilo limeendelezwa katika Katiba ya 2018. Hata hivyo desturi ya kuandaa miswada imebaki ya Kifaransa: wanasheria wa wizara wamesomea Kifaransa, vitangulizi vya zamani ni vya Kifaransa, na nakala ya Kirundi, pale inapokuwepo, huzaliwa kama tafsiri. Mwaka 2014 sheria ya lugha iliongeza Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Nchi sasa ina lugha rasmi tatu, lakini ni moja tu ambayo wabunge wote wanaimudu, na hiyo ndiyo ambayo muswada huifikia mwisho.

Tofauti kati ya nakala asilia na tafsiri si ya heshima tu. Mjadala bungeni unaendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kirundi. Mbunge anasimama kuzungumzia kwa Kirundi kifungu kilichoandikwa kwa Kifaransa, waziri anamjibu kwa Kirundi, kura inapigwa, na kinachotiwa saini ni Kifaransa. Makubaliano yaliyofikiwa katika mazungumzo yamekuwa juu ya maneno ambayo hayamo katika sheria. Ikiwa Waswahili wawili wanaweza kuachana njia kwenye neno tarafa wakiwa ndani ya lugha moja, itakuwaje kwa mipaka, mamlaka, umiliki na adhabu vikivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine katikati ya kikao?

Tanzania imelipitia tatizo hili kwa muda mrefu na kwa namna inayofundisha. Ibara ya 67 ya Katiba yake inataka mgombea ubunge awe anajua kusoma na kuandika katika Kiswahili au Kiingereza. Neno au hapo lina uzito mkubwa. Kwa miongo mingi mtu aliyejua Kiswahili pekee alistahili kikatiba kuwa mbunge, akajadili kwa Kiswahili katika Bunge linaloendeshwa kwa Kiswahili, lakini miswada aliyoipigia kura iliandikwa kwa Kiingereza. Katiba ilimwambia anafaa. Karatasi iliyokuwa mezani ilimwambia vingine. Ni Februari 2021 tu ndipo Bunge liliporekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri sheria za miaka ya nyuma ni kubwa, lakini kwa miswada mipya kikwazo cha kisheria kimeondoka. Burundi iko katika hali ya kinyume: sharti limo ndani ya Katiba yenyewe tangu 2005, na kinachokosekana ni utekelezaji. Kwa mshauri wa sera hii ni habari njema, kwa kuwa hakuna haja ya kuomba sheria mpya.

Muda

Bunge la Burundi hukutana katika vikao vitatu vya kawaida kwa mwaka, vinavyofunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Februari, Juni na Oktoba. Miswada hurundikana mwisho wa kikao, kama inavyorundikana kila mahali. Nchini Tanzania, miswada mitatu ya rasilimali za asili ililetwa kwa hati ya dharura mwishoni mwa Juni 2017 na ikapitishwa mwanzoni mwa Julai. Yaliyomo yalikuwa mazito: mamlaka ya Bunge kupitia upya mikataba, umiliki wa madini, mahali pa kusuluhishia migogoro na wawekezaji. Mtu anaweza kuunga mkono kila kifungu na bado akauliza ni nini kilichofanya siku chache zitoshe kwa mambo ambayo nchi ilikuwa imeishi nayo kwa miaka.

Kenya ilitoa mfano mkali zaidi. Tarehe 18 Desemba 2014 muswada wa kurekebisha sheria za usalama ulipitishwa katika Bunge la Taifa katikati ya vurugu, wabunge wakirushiana karatasi na maneno. Rais alitia saini kesho yake. Tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane. Sheria iliyochukua siku chache kupita ilichukua miezi miwili kupunguzwa.

Muda peke yake hautoshi, lakini bila muda mengine yote ni maneno. Hoja ya dharura inakubalika pale penye mafuriko au maradhi. Mgawanyo wa mikoa si dharura ya aina hiyo: sheria ya Machi 2023 ilingoja hadi uchaguzi wa Juni 2025 ili itumike. Palipo na miaka miwili ya kungojea utekelezaji, hakuna sababu ya kukosa miezi miwili ya kusoma orodha kabla ya kura.

Uzito wa kura moja

Kuna swali ambalo wanaohubiri wajibu wa kusoma hulikwepa: kwa nini mbunge ajisumbue, ikiwa kusoma kwake hakubadilishi matokeo? Tarehe 21 Machi 2014 Bunge la Taifa la Burundi lilipigia kura pendekezo la serikali la kurekebisha Katiba. Wabunge walikuwa 106, zilihitajika kura 85, zilipatikana 84. Pendekezo lilianguka kwa kura moja. Siku hiyo kila mbunge, wa chama tawala na wa upinzani, alijua kwamba mkono wake ulikuwa na uzito.

Chini ya Katiba ya 2005 hata sheria za kawaida zilihitaji theluthi mbili ya wabunge waliopo au waliowakilishwa. Kizingiti hicho kilitokana na Makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000, ambayo yalikusudia kulazimisha makundi yazungumze. Kilikuwa na tokeo la pembeni ambalo halijajadiliwa vya kutosha: kililazimisha watu wasome. Anayehitaji kura za wasio wa chama chake lazima awaeleze muswada, na anayeombwa kura ana sababu ya kuuliza kilichomo. Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 7 Juni 2018 huko Bugendana, jirani na Giheta, ilishusha kizingiti kwa sheria za kawaida hadi wingi wa zaidi ya nusu. Hoja ya waliotetea badiliko hilo, kwamba wachache hawapaswi kuzuia kazi ya serikali, si ya kupuuzwa. Lakini kizingiti kiliposhuka, ilishuka pia haja ya kuelezana.

Uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025 ulimaliza kilichobaki. Kwa mujibu wa matokeo yaliyotangazwa, chama cha CNDD-FDD kilipata viti vyote 100 vilivyoshindaniwa katika Bunge la Taifa. Wabunge huchaguliwa kwa orodha fungwa za vyama, kwa hiyo nafasi ya mtu kwenye orodha huamuliwa na chama na si na mpiga kura wa kilimani. Na wanakumbuka mwaka 2008, Mahakama ya Katiba ilipotamka kwamba viti 22 vya wabunge waliojitenga na chama hicho hicho vilikuwa wazi. Kura ni ya binafsi, Katiba inasema. Kiti si cha binafsi, historia inajibu.

Baadhi ya wachambuzi wanahitimisha kutokana na haya kwamba katika bunge la chama kimoja kusoma hakuna maana. Makala hii inahitimisha kinyume chake. Panapokuwa na upinzani, makosa ya muswada hutafutwa na mtu mwenye faida ya kuyapata. Asipokuwepo mtu huyo, mwenye kuweza kuyaona ni mbunge wa chama chenyewe, katika kamati, kabla ya kikao cha wazi. Kuonyesha kwamba kilima kimeandikwa mara mbili, au kwamba kifungu cha mpito kuhusu hati za ardhi kimesahauliwa, si uasi. Ni msaada kwa serikali ambayo italazimika kuishi na kosa hilo.

Kugawana kazi, na mipaka yake

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yetu halitoki kwa wavivu bali kwa watu makini. Wanasema bunge ni chombo cha kugawana kazi. Kamati husoma kwa niaba ya wengine, na mbunge wa kamati ya kilimo humwamini mwenzake wa kamati ya fedha kama yeye anavyoaminiwa. Hakuna bunge duniani linaloweza kufanya kazi vingine.

Hilo ni kweli kwa sehemu. Kuamini kunaruhusiwa pale unapoweza kusema umemwamini nani na juu ya nini. Katiba ya Burundi inaruhusu, kwa hali za kipekee, mbunge kumkabidhi mwenzake kura yake, na hakuna anayeruhusiwa kubeba zaidi ya kura moja ya namna hiyo. Utaratibu huo una uaminifu fulani: uwakilishi umeandikwa, unajulikana, una kikomo. Imani isiyo rasmi haina hata kimoja kati ya hivyo. Kamati ikisoma mwili wa muswada na kuacha orodha kwa wizara, na ukumbi ukiiamini kamati, basi mnyororo mzima wa kuamini unaishia kwa mchoraji ramani mmoja ambaye hakupigiwa kura na mtu yeyote.

Hapa inafaa kutaja kwamba kanuni nyingine hazipati hata msomaji huyo mmoja. Oktoba 2017 amri ya rais iliwekea masharti upigaji wa ngoma za kifalme, ikazuia wanawake kuzipiga na kutaka maonyesho yawe na kibali na malipo. Wapigangoma wa Gishora, ambao sanaa ya ngoma wanayoiendeleza iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, waliguswa na kanuni ambayo haikupita bungeni kabisa. Ukosoaji wa wabunge wasiosoma usitufanye tusahau kwamba bungeni walau kuna mahali pa kusomea.

Mahakama inaona nini

Je, mahakama inaweza kuulinda wajibu huu? Inaweza kuulinda kwa pembeni. Nchini Uganda, tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sheria iliyopitishwa tarehe 20 Desemba 2013 kwa sababu akidi haikuwepo na ilikuwa imelalamikiwa ukumbini bila spika kuihesabu. Nchini Kenya, Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Taifa bila kuishirikisha Seneti. Katika kesi zote mbili jaji alichunguza vitu vinavyohesabika: watu waliokuwemo, nyumba zilizopitisha. Hakuna jaji aliyemuuliza mbunge kama alisoma, na hatapatikana, kwa kuwa kinga ya mbunge na mgawanyo wa madaraka vinamzuia.

Kinachofika mahakamani ni matokeo ya kutosoma. Sheria ya vyombo vya habari ya Burundi ya tarehe 4 Juni 2013 ilipunguzwa na Mahakama ya Katiba Januari 2014. Kisha tarehe 15 Mei 2015 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba baadhi ya masharti ya ibara zake za 19 na 20, likiwemo la kumlazimisha mwandishi kufichua chanzo chake, yalikiuka Mkataba wa Jumuiya. Burundi iliingia katika Jumuiya mwaka 2007. Tangu siku hiyo, kuusoma muswada wa Burundi kunamaanisha kuusoma ukiwa na Mkataba pembeni. Swali ambalo mahakama ya Arusha ililijibu lingeweza kuulizwa katika ukumbi wa Kigobe miaka miwili kabla.

Wakati mwingine wasomaji hutokea nje. Muswada wa fedha wa Kenya wa 2024 ulisomwa kifungu kwa kifungu na vijana waliouelezea mitandaoni kwa Kiswahili, kwa lugha za makabila na kwa lugha ya ishara, kabla wabunge 195 dhidi ya 106 hawajaupitisha tarehe 25 Juni. Kesho yake, baada ya watu kuuawa barabarani, Rais alikataa kuutia saini. Kusoma kulifanyika, kulifanyika mahali pasipo na kura, na gharama yake ikalipwa kwa damu.

Yanayoweza kudaiwa

Kwa kuwa hakuna atakayeingia kichwani mwa mbunge, wajibu wa kusoma unapaswa kugeuzwa kuwa vitu vinavyoonekana kabla ya kura. Cha kwanza kimo ndani ya Katiba: ofisi ya Bunge isipokee muswada usio na nakala ya Kirundi, na nakala hiyo iwe ndiyo inayojadiliwa na kurekebishwa, Kifaransa kikiifuata. Kanuni za Bunge zinatosha kuliweka hili.

Kwa miswada inayogusa mahali, kama ile ya 2023, orodha zigawiwe kwa wabunge wa kila eneo na kila mmoja aandike jina lake chini ya ukurasa aliouhakiki, pamoja na makosa aliyoyakuta. Si adhabu wala mtihani. Ni kama mhasibu anayetia saini chini ya jumla. Ripoti ya kamati ieleze ni sheria zipi nyingine zinazoguswa, kuanzia na ya ardhi na ya usajili wa raia, na itaje vifungu vya mpito au ikiri kwamba havimo. Muda kati ya kugawa nakala na kupiga kura uandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti hiyo, ili atakayeisoma miaka kumi baadaye auone bila kutafuta.

Kwa upande wa watafiti, ipo kazi inayoweza kuanza bila kusubiri Bunge. Vilima vya iliyokuwa tarafa ya Giheta vinaweza kupitiwa kimoja kimoja kwa kulinganisha orodha ya sheria ya 2023 na hali ilivyo sasa: mkazi anaandikisha wapi mtoto, hati ya shamba iliyotolewa kabla ya 2025 imehifadhiwa ofisi gani, safari ya kwenda huko inachukua saa ngapi kwa miguu. Vivyo hivyo kwa Gashoho, Gasorwe, Giteranyi, Buhinyuza na Mwakiro huko Muyinga, ambako kazi inaweza kufanywa kwa Kirundi na Kiswahili. Kila kasoro itakayopatikana ipewe namba ya ukurasa wa sheria ambamo ingeweza kuonekana, na ukurasa huo upelekwe kwa kamati inayohusika kabla ya Jumatatu ya kwanza ya kikao kinachofuata.